Matambara ya Misri na Kanga ya Bibi

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari ya historia kwa gazeti letu la mkutano, akaniachia nichague mwenyewe. Tuliosoma pamoja watakumbuka kuwa sikuwa hodari wa somo hilo. Hata hivyo nitajaribu, na nitaanza na kosa langu.

Nilipokuwa kidato cha pili niliishi na bibi yangu Tandika, nami nilikuwa na baiskeli ya kuendea shule. Siku moja nilikosa kitambaa cha kufutia mnyororo. Nikafungua sanduku la bibi, nikatoa kanga kuukuu, nyekundu na nyeusi, ambayo jina lake liliandikwa kwa herufi za Kiarabu nisizozijua. Nikaichana vipande vinne. Bibi aliporudi kutoka sokoni akavikuta vimelowa grisi. Hakunipiga. Alisema tu, “Mjukuu wangu, hiyo alinipa mama,” akaingia ndani. Mimi nililiona jambo dogo, maana kanga mpya zilikuwa zikitoka Urafiki, pale Ubungo, tangu kiwanda kile kilipofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina.

Mwaka ule ule mwalimu alitupeleka Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama. Tukaziona nyumba za makabila yetu, tukapigiwa ngoma, tukarudi Temeke tumechoka. Nilitoka huko nikiamini kwamba makumbusho ni mahali pa vitu vikubwa kama nyumba, au vya ajabu kama fuvu la Zinjanthropus. Tambara halikunijia akilini.

Nimeanza kulifikiria uzeeni, baada ya kuazimwa mabuku mawili mazito ya Dk. Ruth Barnes, yaliyochapishwa mwaka 1997. Huyu mama kazi yake ya maisha ni nguo. Alianzia mbali na huku, katika kijiji cha Lamalera, kisiwa cha Lembata, Indonesia, akijifunza namna wanawake wa huko wanavyofunga nyuzi, wanavyozitia rangi na kuzifuma. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1989. Pande zile ziko koo zinazohifadhi hariri za Kihindi ziitwazo patola, zilizoletwa na wafanyabiashara zamani sana. Nguo hizo ni hazina ya ukoo, wala hazitolewi ovyo.

Baadaye akashika kazi katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford, Uingereza. Humo mna vipande zaidi ya 1,200 vya nguo za pamba zilizopigwa chapa India. Mwingereza Percy Newberry, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri, ndiye aliyevikusanya huko Misri, na vikaingia Ashmolean mwaka 1946. Msifikiri ni nguo za kifalme. Vingi ni matambara, na baadhi vina mishono na viraka, maana vilivaliwa na watu wa kawaida mpaka vikachakaa. Inaaminika kuwa vingi vilitoka Fustat, mji wa kale ulio jirani na Cairo, vikaponea katika ardhi kavu.

Mtaalamu aliyemtangulia, R. Pfister, alikwisha kuonyesha mwaka 1938 kuwa nguo za namna hii zilitoka Gujarat, kwa kulinganisha nakshi zake na za majengo ya huko. Dk. Barnes alikichukua kila kipande, akahesabu nyuzi zake, akatazama rangi ya nili na nyekundu, na namna fundi alivyozuia rangi isishike mahali fulani. Baadhi vikapimwa umri kwa kaboni, na vingine vikaonekana ni vya kale kuliko ilivyodhaniwa. Tena, nguo zenye nakshi kama hizo zimehifadhiwa hata Sulawesi, Indonesia. Fundi wa Gujarat alikuwa akiwavisha watu wa mashariki na wa magharibi kwa wakati mmoja.

Na sisi tulio katikati ya bahari hiyo? Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kuwa watu wa Sofala walikuwa wakizifumua nguo za buluu za Cambay, kisha wakiufuma uzi wake pamoja na uzi mweupe wa kwao, kwa kuwa hawakuwa na rangi ya buluu. Kule Kilwa, Neville Chittick alipochimba magofu alikuta vigae vingi vya duara vyenye tundu, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Nguo zenyewe hazikudumu, kwa sababu ya unyevu na mchwa wa kwetu. Kwa hiyo anayetaka kujua nguo za Kihindi za zama zile zilifananaje, hana budi kuyatazama matambara ya Misri.

Dk. Barnes katika mabuku hayo hakuandika juu ya kanga. Ni mimi ninayeyaunganisha mambo haya. Kanga ni ya juzi tu, nusu ya pili ya karne ya 19, na masimulizi yanasema ilianza kwa leso zilizoungwa pamoja. Lakini litazameni lile ua la korosho: ni ndugu wa nakshi ya Kihindi na Kiajemi iitwayo buta. Kaniki nayo ilitujia kutoka India. Hata majina ya kanga, husemwa aliyeanza kuyaweka ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Kanga ya bibi ilikuwa na alama gani? Sikutazama. Niliitazama grisi tu.

Mwaka 2010 Dk. Barnes alikwenda Marekani, kuwa mtunzaji wa sanaa za Indonesia na visiwa vya jirani katika Chuo Kikuu cha Yale. Mimi nimebaki Temeke na sanduku la bati lenye kanga 11, nilizopewa na shangazi zangu na majirani. Kila moja nimeiandikia kwenye daftari ilikuwa ya nani, alipewa na nani, na kwa shughuli gani. Moja inanishinda. Ina pindo la korosho, mji wake ni mweupe, na katika jina lake limebaki neno la kwanza tu, JIRANI. Nitakuja nayo siku ya mkutano. Nanyi mnaosoma shuleni sasa, waulizeni bibi zenu nyumbani; mwenye kulijua jina hilo lote anione pale penye meza ya chai.