Stempu: Kikaratasi Kilichofungua Posta kwa Wote

Kabla ya mwaka 1840 barua nyingi nchini Uingereza zililipiwa na mpokeaji. Tarishi alibisha hodi, akataja bei, na bei yenyewe ilipanda kwa umbali na idadi ya karatasi. Maskini aliitazama barua ya mwanawe mlangoni akashindwa kuigomboa. Wengine walipatana alama za siri za kuchora nje ya barua: mpokeaji aliiona alama, akajua ndugu yake yu mzima, akairudisha bila kulipa. Siwalaumu hata kidogo. Bei ile ilikuwa dhuluma.

Mwaka 1837 Rowland Hill, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alichapisha kijitabu chenye pendekezo jipya: mtumaji alipe kwanza, na bei iwe moja nchi nzima, peni moja kwa barua isiyozidi gramu 14 hivi. Kikaratasi chenye gundi nyuma kingethibitisha malipo.

Ndivyo ilivyozaliwa Penny Black, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Ilikuwa nyeusi, yenye sura ya Malkia Victoria akiwa bado binti. Shiti moja ilikuwa na safu 20 za stempu 12. Enzi hizo peni 12 zilifanya shilingi, na shilingi 20 pauni. Basi safu nzima ilikuwa shilingi moja, na shiti pauni moja. Vitundu vya kuchania havikuwapo, zilikatwa kwa mkasi. Kasoro yake ilikuwa muhuri mwekundu uliofutika, watu wakazitumia tena, hivyo mwaka 1841 stempu ikageuzwa nyekundu na muhuri ukawa mweusi.

Barua ziliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Kwetu, Zanzibar ilitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina lake mwaka 1895. Mwaka uliofuata zikatoka zenye picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Kuanzia 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja.

Ukikuta bahasha kuukuu nyumbani, omba ruhusa kwanza. Usiibandue stempu kwa kucha. Kata kipande cha bahasha chenye stempu, kiloweke katika maji vuguvugu mpaka gundi iachie, kisha uikaushe na kuihifadhi ndani ya daftari.