Infografia ku chuo kikuu: kazi inayofanyika nyuma ya afishi na kominike

Mwaka wa masomo unapokaribia, telefone za wazazi na wanafunzi katika majimbo ya mashariki zinajaa afishi: tarehe za kujiandikisha, bei ya minervali, filiere mupya, kominike ya rekta. Nyuma ya kila moja kuna mutu aliyekaa mbele ya kompyuta. Lakini kuko pia afishi ambazo chuo chenyewe hakizijui, zilizotengenezwa na mutu anayetafuta feza za wengine. Kuelewa ginsi kazi hii inavyofanyika kunasaidia kijana anayetaka kuiingia, na kunasaidia muzazi asitume feza kwa mwizi.

Infografisti anafanya nini?

Infografisti ni yule anayepanga maandishi, picha na rangi ili ujumbe usomeke na ueleweke haraka. Ku chuo kikuu kazi yake iko na pande mbili.

Upande wa kwanza ni karatasi za ndani: barua zenye kichwa cha chuo, fishi za kujiandikisha, karata za wanafunzi, programu ya siku ya kolasio, hata sura ya diplome. Upande wa pili ni yale yanayotoka inje: afishi, bashi inayotundikwa ku mulango, picha za mitandao, video fupi, na ukurasa wa intaneti wa chuo. Zamani tangazo lilibandikwa paka ku valve, na munafunzi alipaswa kufika mwenyewe ili alisome. Leo tangazo lilelile linapigwa picha na kufika Uvira, Butembo ao Kindu kwa dakika chache.

Juu ya kazi hizo zote kuko kanuni moja inayoitwa sharti grafiki. Ni karatasi inayosema: logo ya chuo ni hii, rangi zake ni hizi na namba zake ni hizi, herufi ni za aina hii, muhuri unawekwa hapa. Wengi wanazani ni mapambo tu. Lakini chuo kisicho na sharti grafiki, kila fakiltee inatengeneza afishi yake ku sekretaria ya karibu, na logo inabadilika kila mara. Wanafunzi wakizoea kuona logo tano za chuo kimoja, ile ya sita ya mudanganyifu haitawashangaza. Sura moja isiyobadilika njo ulinzi wa kwanza.

Mafundisho yalianzia wapi

Inchini Kongo, mafundisho ya sanaa ya kuchora yaliingia shuleni mbele ya kompyuta kufika. Mwaka wa 1943, Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi, upande wa magharibi. Shule hiyo ilihamia Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka wa 1949, na mwaka wa 1957 ikapata jina la Académie des Beaux-Arts. Huko Elisabethville, leo Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya wachoraji mwaka wa 1946. Kalamu na burashi vimeacha nafasi kwa kompyuta, lakini maswali ni yaleyale: jicho la musomaji linaangukia wapi kwanza, na kitu gani kinabaki ndani ya kichwa chake?

Skrini na karatasi si kitu kimoja

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kufikiri kwamba kinachopendeza ku skrini kitatoka vilevile ku karatasi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwangaza tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashini ya kuchapa inatumikisha wino ine: siani, majenta, njano na nyeusi. Buluu inayong'aa ku telefone inaweza kutoka imefifia ku bashi, na chuo kinalipa mara mbili. Ndiyo maana faili inayoenda kuchapwa inageuzwa mbele ya kutumwa, na karatasi moja ya kujaribu inatolewa kwanza.

Jambo la pili ni ukubwa wa picha. Karatasi ya A4 iko na milimita 210 kwa 297. Ili picha itoke safi ku karatasi hiyo, kawaida inaombwa nukta 300 kwa kila inchi moja, maana yake pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyopitia WhatsApp mara tatu haina tena kiasi hicho. Bashi kubwa inavumilia nukta chache zaidi kwa sababu watu wanaiangalia kutoka mbali. Logo nayo inapaswa kuchorwa kwa mistari, kwa mufano katika faili ya SVG, siyo kukatwa kutoka picha. Ile ya mistari unaweza kuipanua mpaka ku ukubwa wa ukuta bila kuharibika. Ile ya picha inaleta mraba mraba.

Vyombo na bei yake

Programu zinazojulikana sana ni Photoshop kwa picha, Illustrator na CorelDRAW kwa michoro, na InDesign kwa vitabu na majarida. Tangu 2013, Adobe iliacha kuuza matoleo mapya kwa malipo ya mara moja. Mutu analipa kila mwezi ao kila mwaka. Kwa munafunzi wa kwetu hiyo ni feza nyingi, na wengi wanachukua kopi zilizovunjwa kwa njia ya kle USB. Kopi hizo mara nyingi zinakuja na virusi, na virusi moja ndani ya ofisi inayotunza faili za diplome ni hatari kubwa.

Kuko njia ingine: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Scribus kwa kupanga kurasa. Zote ni za bure kisheria na zinafanya kazi bila intaneti. Canva, iliyoanza mwaka wa 2013, ni nyepesi kwa anayeanza, lakini inaomba koneksio, na modele zake zinatumikishwa na watu wengi, kwa hiyo afishi zinafanana.

Kisha kuko courant. Inapokatika katikati ya kazi, kazi isiyohifazwa inapotea. Mwenye ufundi anahifaza kila wakati, anaweka kopi ku disiki ya inje, na kopi ya tatu fasi ingine mbali na ofisi. Katika maeneo ambamo ofisi inaweza kufungwa ao kuporwa kwa siku moja, kopi hiyo ya tatu njo inaokoa kumbukumbu ya chuo.

Afishi inapaswa kufikia nani?

Masomo yanafanyika kwa Kifaransa, lakini mara nyingi anayelipa minervali ni mama anayeuza ku soko ao baba anayelima. Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa zinazotajwa katika Katiba ya 2006. Afishi yenye tarehe, bei na fasi ya kulipa kwa Kiswahili pia inamfikia moja kwa moja, bila kutegemea mutu wa kati wa kumutafsiria. Na afishi iwe nyepesi: picha ya kilo-okteti mia mbili inafunguka haraka, ile ya mega tano inakula mega za musomaji mbele hajasoma neno.

Kutambua kominike ya uongo

Kominike ya uongo inaweza kufanya munafunzi apande moto kutoka Kalehe mpaka Bukavu kwa mutihani usiokuwako, ao muzazi apeleke feza ku namba isiyo ya chuo. Mbele ya kuamini ao kusambaza, angalia haya:

– Kominike iko na namba ya barua, tarehe, jina na kazi ya aliyeweka sahihi? Kukosekana kwa kimoja ni sababu ya kuuliza.

– Feza zinaombwa zipite wapi? Namba ya telefone ya mutu binafsi ni alama ya hatari. Uliza kwanza ku ofisi ya feza ya chuo.

– Herufi za jina ao za tarehe ziko tofauti na zingine, ao zimepinda? Mara nyingi hapo njo pamebadilishwa.

– Kuko kodi ya QR? Kodi peke yake haihakikishi kitu, kwa sababu kila mutu anaweza kuitengeneza. Angalia inakupeleka ku anwani gani. Vyuo kazaa vya Kongo vinatumikisha anwani inayoishia na .ac.cd.

– Tangazo liko ku valve ao ku ukurasa wa chuo chenyewe? Kama haliko, piga simu ao tuma mutu aende.

Sheria inasema nini

Kazi za sanaa, pamoja na michoro na picha, zinalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 juu ya haki za watungaji. Kuchukua picha ku intaneti na kuiweka ku afishi bila ruhusa kunaweza kuleta mashitaka. Code du numérique ya tarehe 13 machi 2023 inalinda habari za mutu binafsi, na inatoa azabu kwa anayeanzisha ao kusambaza habari za uongo juu ya mutu kwa njia ya mitandao. Kwa hiyo, kuweka uso wa munafunzi ku afishi kunaomba kwanza kibali chake, na kwa mutoto kibali cha wazazi.

Kwa kijana anayetaka kuanza

Kazi hii haiombi paka diplome. Inaomba jicho, uvumilivu na uandishi usio na makosa, kwa sababu tarehe moja iliyoandikwa vibaya inapotosha watu mia. Anayeanza achague programu moja ya bure na kuijua vizuri, atengeneze tena afishi kumi zilizofanywa vibaya katika muji wake, na azitunze kama dosiye ya kuonyesha. Na mutu akija kumuomba abadilishe jina ku diplome ao aige muhuri, akatae. Huo ni uvunjaji wa sheria, na jina la fundi likichafuka mara moja, katika muji mudogo hakuna programu inayoweza kulisafisha.