Mashine na Maandalizi ya Somo la Kiingereza: Mtazamo wa Kihistoria

Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ilipoitoa programu ya ChatGPT kwa watu wote, walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari katika nchi nyingi wameanza kuiachia kompyuta iwaandikie maandalizi ya somo. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili lina historia ndefu, na kwamba historia hiyo yatufunulia sehemu ya kazi ambayo mwalimu hapaswi kuikabidhi.

Tuanze na umbo la maandalizi lenyewe. Katika karne ya 19 wafuasi wa mwanafalsafa Mjerumani Johann Friedrich Herbart (1776-1841), hasa Wilhelm Rein wa Chuo Kikuu cha Jena, waliligawa somo katika hatua tano: kutayarisha fikra za wanafunzi, kutoa maarifa mapya, kuyalinganisha na ya zamani, kupata kanuni ya jumla, na kuitumia. Mpangilio huo ulienea Ulaya na Marekani. Tangu hapo mwalimu amekuwa akipokea umbo kutoka nje. Mchango wake ni kulijaza.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 1924 Sidney Pressey, wa Ohio State University, alionyesha kifaa kilichouliza maswali na kupima majibu. Mwaka 1954 B. F. Skinner alipendekeza mashine ya kumwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua. Mwaka 1960 mfumo wa kompyuta uitwao PLATO ulianzishwa katika University of Illinois. Mashine hizo zote zilibeba mazoezi na usahihishaji, lakini maswali yenyewe yalitungwa na binadamu. Akili mnemba ya leo hutunga lengo, matini, maswali na majibu kwa pamoja. Imeingia katika kazi ifanywayo mezani, kabla ya kengele kulia.

Faida yake si ya kubezwa. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2024 na Education Endowment Foundation ulionyesha kwamba walimu wa sayansi waliotumia ChatGPT walipunguza muda wa maandalizi kwa asilimia 31. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu haba ataithamini nafuu ya namna hiyo.

Hata hivyo, tutazame mfano wa hapa kwetu. Mwanafunzi wa Lubumbashi huandika "I have fifteen years". Kifaransa husema "j'ai quinze ans", Kiswahili "nina miaka kumi na mitano": lugha zake mbili zimekubaliana kumpotosha. Huchanganya pia "he" na "she", kwa kuwa kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui jinsia; lakini hapo Kifaransa, chenye "il" na "elle", chaweza kumsaidia. Kosa la kwanza na la pili, basi, hayatibiwi kwa dawa moja. Mashine isiyoambiwa hayo huelekea kutoa zoezi la mwanafunzi wa popote. Na wa kuiambia ni nani, kama si mwalimu aliyesahihisha madaftari na kusikiliza?

Kwa kumalizia, umbo la somo lilikuwa la kuazima tangu zama za Rein, na kuliazima kwa kompyuta si aibu. Hatari ni kwamba mwalimu anayepokea somo lililokwisha kujazwa ataacha kuyasoma makosa ya wanafunzi wake, na siku hiyo hatakuwa na la kuiambia mashine.