Draiva ya kampuni au ya mtaani? Ugomvi wa tangu 2003 wabisha hodi Kakuyuni

Laptopu iliyokuwa mezani kwa fundi Jumamosi hiyo ni nzito kama tofali, na kwenye kona ya kifuniko chake kuna kibandiko kilichochanika nusu, namba ya mali ya ofisi fulani ya Uingereza. Mwenyewe ni kijana wa hapa hapa Kakuyuni. Aliinunua mtumba Mombasa, akapanda matatu hadi Malindi huku ameipakata kama mtoto, na sasa gemu inamwambia draiva yake imepitwa na wakati.

"Fundi, kwa tovuti ya waliotengeneza hii laptopu, draiva ya mwisho ni ya 2016," alisema. "Kuna nyingine rafiki yangu amenitumia kwa Telegram, imechezewa. Niweke hiyo?"

Fundi hakumjibu. Alivuta daftari la kurasa 96 lililofungwa kwa utepe wa mpira wa tairi, akatafuta ukurasa, akaandika: 10DE, 139B. Kisha namba nne nyingine, ambazo sitaziweka hapa kwa kuwa zinamtaja aliyeiunda laptopu, na siko hapa kumshtaki mtu.

Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu ya Oktoba 2025. Mwezi huo NVIDIA ilitoa draiva yake ya mwisho ya gemu kwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani zile ambazo wengi wanazijua kwa namba za 900 na 1000. Kuanzia hapo zinapata viraka vya usalama tu, kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. Na tarehe 14 mwezi huo huo Microsoft ikakomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa wenzetu wa ng'ambo hizo zilikuwa habari za ukurasa wa ndani. Huku kwetu laptopu ya gemu inayofika ni ile iliyokwisha kuchosha watu wawili watatu, kwa hiyo zilizogongwa mlango ni hizi hizi zilizo mezani. GTX 960M ya kijana huyu ilitoka 2015.

Draiva, kwa asiyeijua, si dereva wa matatu, ingawa kazi zao ni ndugu. Ni programu inayokaa kati ya Windows na chipu ya picha. Gemu ikitaka kuchora goli au gari, inamwagiza draiva, naye ndiye anayezijua gia za chipu hiyo. Dereva mbovu huharibu injini nzima. Na kama ilivyo stendi ya Malindi, kuna walioajiriwa na mwenye gari na kuna wale wa kushikilia tu. Swali la kijana lilikuwa hilo.

Mwanzo wa historia hii unajulikana, nitaupitia mbio. Kadi za 3dfx zilitamba kuanzia 1996. NVIDIA ikaja na GeForce 256 mwaka 1999, na mwishoni mwa 2000 ikanunua mali ya 3dfx. Waliobaki na kadi za 3dfx wakawa yatima, wakaanza kujitengenezea draiva wenyewe. Hao ndio wahenga wa ufundi huu.

Lakini ugomvi wenyewe ni wa laptopu, na fundi ananitaka niueleze kama anavyouona yeye, kwa kidole mezani.

Ukiwa na kompyuta ya mezani, draiva uliichukua kwa aliyetengeneza chipu, NVIDIA au ATI. Ukiwa na laptopu, uliambiwa nenda kwa aliyekuuzia laptopu. Chipu ni ile ile! Waundaji walikuwa na hoja, na si hoja ya kupuuzwa: laptopu ina joto lake, betri yake, vitufe vyake vya mwanga wa skrini, na namna yake ya kulala ukifunga kifuniko. Draiva waliyoipima wao huyajua hayo yote. Kasoro ni kwamba wengi walitoa draiva moja au mbili, kisha wakageukia kuuza toleo jipya, na gemu za mwaka uliofuata zikakukuta umeachwa kituoni.

Fundi akanifungulia faili la maandishi kwa Notepad, lenye mwisho wa INF, linalokuja ndani ya kila draiva. Niliwaza nitaona hesabu za kutisha. Ni orodha ya majina tu, kama ya wageni wa harusi. Kila mstari una namba ya kampuni ya chipu: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni ATI, 8086 ni Intel. Inafuata namba ya chipu. 139B ndiyo GTX 960M. Mwishoni ipo ya muundaji wa laptopu, mathalani 1043 kwa ASUS na 17AA kwa Lenovo. Programu ya kusakinisha husoma orodha, isipokuona jina lako inakwambia haijapata kifaa kinachofaa. Draiva yenyewe ingeweza kabisa kuiendesha chipu yako. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyekataa.

"Sasa mtu akaongeza mstari mmoja," fundi alisema, akipiga kidole kwenye skrini. "Mmoja tu. Mlango ukafunguka."

Kuna waliofanya zaidi ya mstari mmoja. Angel Trinidad alizitoa draiva za Omega, za ATI na za NVIDIA, zikiwa zimerekebishwa na kuongezewa uwezo ambao kampuni ziliuficha. Mwaka 2003 NVIDIA ikamtishia hatua za kisheria. Akaacha za NVIDIA, akaendelea na za ATI, na miaka iliyofuata Omega za NVIDIA zikaonekana tena. Wenye laptopu wakawa na LaptopVideo2Go, ambako draiva za NVIDIA ziliambatana na faili la INF lenye orodha ndefu kuliko ya kampuni. Upande wa ATI kulikuwa na Mobility Modder, iliyochukua draiva ya kompyuta ya mezani na kuivisha nguo za laptopu.

Hapa mimi mwenyewe ni shahidi, tena shahidi aliyeungua. Mwaka 2013 niliweka draiva iliyochezewa kwenye laptopu yangu. Gemu ilikwenda vizuri mno, sikudanganyi. Ila mwanga wa skrini ulikwama juu kabisa, vitufe vikafa, na stima ilipopotea jioni ile betri ilikata roho kabla sijamaliza kuandika habari niliyokuwa nikingojewa. Nilirudisha ya kampuni siku ya pili.

Lakini tusidanganyane kwamba ya rasmi ndiyo salama. Barua pepe za Microsoft zilizotolewa mahakamani Marekani 2008 zilionyesha kwamba asilimia 28.8 ya mianguko ya Windows Vista waliyoiorodhesha mwaka 2007 ilihusishwa na draiva za NVIDIA. Machi 2010 NVIDIA hiyo hiyo iliiondoa draiva 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba inavuruga kasi ya feni na kadi zinapata moto. Zote zilikuwa na muhuri.

Desemba 2008 NVIDIA ililegeza: ikaanza kutoa draiva za laptopu moja kwa moja, kwanza za majaribio, kwa kadi za 8M na 9M, ingawa aina kadhaa za laptopu ziliachwa nje. Fundi anaapa kwamba ni wachezea INF waliowalazimisha. Mimi nadhani hata mwaka wenyewe ulisaidia. Julai 2008 kampuni ilikuwa imetangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa vifaa vya kuzifungia, na mtu aliye katika hali hiyo hutafuta marafiki. Kufikia 2010 draiva ya laptopu na ya mezani zilikuwa zikitoka kwa toleo moja.

Ungedhani yameisha. Fundi akacheka, akatoa kwenye droo flashi iliyoandikwa kwa kalamu nyeupe: 344.75.

Hadithi ya namba hiyo ndiyo aipendayo kuliko zote. Mwishoni mwa 2014 laptopu za GTX 970M na 980M zilikuwa ndizo fahari ya soko, na wenye nazo walizoea kuongeza kasi ya chipu kidogo, wakakamua fremu chache zaidi. Baadhi ya wauzaji walikuwa wakizinadi laptopu zao kwa uwezo huo huo. Ikaja draiva 347.09, na asubuhi moja watu wakakuta kasi haisogei. Unaivuta, inarudi. Ilikuwa kama mwenye gari aliyekuja usiku na kuweka kidhibiti mwendo bila kumwambia dereva wala abiria.

Februari 2015 mwakilishi wa NVIDIA akajibu hadharani. Kwa ufupi alisema laptopu hazikuundwa kuongezwa kasi, joto lake limepimwa kwa makini, na kwamba uwezo uliokuwepo ulikuwa hitilafu ya programu, nao wameiziba. Hitilafu! Watu waliokuwa wamelipa fedha nyingi kwa sababu ya hiyo "hitilafu" waliwaka. Kilichowauma zaidi ya kile kidhibiti ni kwamba draiva ile ya rasmi, ile unayoambiwa uiamini, ndiyo iliyopunguza kitu walichonunua. Wengine wakataka kurudisha laptopu dukani. Siku chache baadaye kampuni ikageuza uamuzi: uwezo ungerudi kwenye draiva ya Machi, na asiyeweza kusubiri arudi kwenye 344.75.

"Unaona?" fundi aliuliza. "Wenyewe walisema: rudi nyuma." Flashi ameiweka tangu mwaka huo. Nilimwambia kwamba kwa joto la Kakuyuni ningeiunga mkono NVIDIA juu ya kasi, nikamwonyesha jasho langu. Alikubali kwamba laptopu nyingi zinazomfikia hazihitaji kasi. Zinahitaji kufunguliwa, kupigwa brashi vumbi la feni na kupakwa dawa mpya ya joto kwenye chipu. Kwa hilo hatoki kijasho kubishana. Lakini aamue mwenye mali, alisema.

Kilichowabana wachezea draiva hatimaye ni sahihi, kuliko hata wanasheria. Draiva ya Windows huja na faili jingine linalobeba alama ya vidole ya INF. Ukiongeza mstari wako mmoja, alama hailingani tena. Windows 7 ilikuonya kwa maandishi mekundu, ukabonyeza endelea. Kuanzia Windows 8 inakataa, mpaka uiwashe upya kwa njia ya uani na kubonyeza 7 kwenye orodha ya kuzima ukaguzi. Fundi anaita huko "kupitia saba". Ukishasakinisha, mashine inaweza kuwaka kama kawaida. Wengine, kwa uvivu, huiacha katika hali ya majaribio siku zote, na hapo gemu kama Valorant hazikukaribishi, maana walinzi wake dhidi ya wadanganyifu hutaka mlango wa uani uwe umefungwa. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 nayo haiingii bila kuwashwa kwa usalama wa Secure Boot.

Hatari ambayo ukali huo unajaribu kuizuia ilionekana baadaye. Mwanzoni mwa 2022 wadukuzi wa Lapsus$ waliivamia NVIDIA na kuvujisha vyeti vyake vya kutia sahihi. Vyeti vilikuwa vimekwisha muda, ila Windows iliendelea kuvikubali kwa draiva, na programu hatari zikaanza kuonekana zimevaa jina la NVIDIA. Draiva huingia chumba cha ndani kabisa cha kompyuta. Kuweka faili la Telegram lisilojulikana lilikotoka ni kumkabidhi mgeni ufunguo wa chumba hicho.

Tangu hapo kumekuwa shwari kwa kiasi fulani. Kuna NVCleanstall, inayochukua draiva ya NVIDIA na kuchambua usichokihitaji. Upande wa AMD, mrithi wa ATI, wapo wanaojitolea kuvisha kadi kuukuu draiva mpya.

Kinachoniudhi mimi kiko karibu zaidi. Mwaka 2013 sisi Wakenya tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, zikaja tableti 2016, na hatukuulizana nani atazihudumia zikizeeka. Laptopu za mtumba nazo zinashuka bandarini Mombasa kwa makontena, tukishangilia bei, bila mtu wa kusema hii imebakiwa na miaka mingapi ya draiva. Kazi hiyo imeachiwa kibanda cha mabati chenye soketi mbili na daftari la kurasa 96. Wadi nzima ya Kakuyuni ina vijana wanaoweza kuifanya. Sijaona ofisi inayowatafuta.

Kijana alikuwa bado anasubiri. Fundi akafuta lile faili la Telegram bila kulifungua. Laptopu ina chipu ya pili ya picha, ya Intel; draiva yake akaiacha ile ya muundaji, kwa ajili ya vitufe vya mwanga. Ya 2016 akaing'oa hadi mizizi, kisha akachomeka flashi nyingine yenye draiva ya NVIDIA ya familia ya 580, ya rasmi, ambayo orodha yake bado ina 139B.

"Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho?" kijana aliuliza.

"Ya mwisho ya gemu. Viraka vitakuja."

"Na vikiisha?"

Fundi aliichukua kalamu, akaandika mbele ya zile namba: 580, mpaka 10/2028. Akaacha nafasi ya mistari mitatu chini yake, akafunga daftari kwa ule utepe wa mpira.