Kutafuta kazi Tunduma: kizazi kimoja tu ndicho kilichopangiwa ajira, nacho ndicho kinachotusema

Leo tuweke pembeni kidogo stori za mastaa na nani kaachana na nani. Kuna stori ya huku kwetu nimeikalia kama wiki tatu hivi, na imeanzia mezani nyumbani, hapa hapa Tunduma.

Mdogo wangu wa kike yuko chuo, anachukua diploma ya ununuzi na ugavi. Likizo hii alirudi na barua sita za kuombea fildi, zimegongwa mhuri safi kabisa. Akavaa viatu vya heshima, akapita ofisi za mawakala wa forodha, maghala ya mazao njia ya Mpemba, na ofisi zingine mjini. Tatu wakamwambia "acha barua, tutakupigia". Moja nafasi zimejaa. Moja mlinzi hakumfungulia hata geti. Ya sita kuna kaka alimwambia, tena kwa upole, kwamba nafasi ipo ila atoe hamsini elfu ya kuingiza jina. Siku hiyo alirudi akaingia chumbani, hakula.

Jioni mzee akauliza fildi imefikia wapi. Akaelezwa. Akatikisa kichwa, akasema maneno ambayo najua wengi wenu mmeshayasikia: "Nyie watoto wa siku hizi hamjitumi. Sisi tulimaliza shule tukapangiwa kazi, mambo yakaisha."

Mimi niliishia fomu foo, sina digrii ya historia. Ila kauli ile ilinikera, nikasema ngoja nifuatilie hii ya "sisi tulipangiwa kazi". Ilianza lini? Iliisha lini? Na kabla ya hapo watu wa huku walikuwa wanatafutaje kazi? Nikauliza wazee, nikasoma ninachoweza kusoma kwenye simu. Twende pamoja.

Zamani kazi ndiyo ilikuwa inatafuta watu

Mababu zetu hawakuwa na shida ya kukosa kazi. Shida yao ilikuwa kukamatwa na kazi. Mjerumani alileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza naye akaendelea na kodi yake. Kodi inataka hela, na hela haioti kwenye shamba la ulezi. Kwa hiyo unaondoka kijijini unaitafuta. Mkononi una kipande, kile cha kuhesabia siku ulizofanya kazi. Wengine walienda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro wakawa manamba, yaani mtu anajulikana kwa namba yake. Ndiyo, lile neno tunalotaniana nalo kitaa limetokea huko.

Huku kwetu njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, pamoja na mgodi wa Saza ambao leo uko ndani ya wilaya ya Songwe. Ya pili ni kuvuka kwenda Kopabeti, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kuvuka haikuwa ajabu, maana mpaka uliochorwa na Wazungu mwaka 1890 uliwakata Wanyamwanga katikati, ndugu huku na ndugu kule. Ya tatu ilikuwa mbali zaidi: migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kupitia ile kampuni ya kuandikisha vibarua ambayo wazee wanaiita Wenela. Ilikuja kuandikisha watu mpaka nyanda za juu huku. Baada ya uhuru Tanganyika ikaikatalia, kwa sababu haikutaka vijana wake wachimbe dhahabu ya serikali ya makaburu.

Sasa sikiliza hii, maana inatuhusu sisi wapenda burudani. Ukifika Luanshya au Mufulira mwaka 1930 na kitu, hujui mtu, unalala wapi? Unaanzia kwa watu wa ngoma. Kulikuwa na ngoma inaitwa Beni, Kopabeti wakaiita Mbeni. Ilianzia pwani yetu ya Waswahili, watu wanajipanga kama jeshi, wana vyeo, wana sare, wanapigana vijembe. Askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakaisambaza mpaka bara. Vikundi vile havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua wanamwangalia, akifa wanamzika, mgeni akija anapata pa kuanzia. Wachimbaji wa Kopabeti walipogoma Mei 1935 kwa sababu ya kodi kupandishwa, watu sita waliuawa kwa risasi pale Luanshya, na tume ya Mwingereza iliyokuja kuchunguza iliulizia sana habari za hao watu wa Mbeni.

Kwa hiyo koneksheni (sio ile ya video, tulia) haikuanza na sisi. Ila ya kwao ilikuwa tofauti kidogo, ilikuwa ya wazi. Unajiunga, unatoa mchango wako, na wewe kesho unampokea mwingine.

Mji wetu umejengwa na shida za watu wengine

Tunduma haikuanza kama mji wa malori. Mambo yalibadilika tarehe 11 Novemba 1965, siku walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith walipojitangazia uhuru wao. Zambia ilikuwa inategemea njia ya kusini kwa karibu kila kitu, mafuta yakiwemo. Ghafla njia ikawa haiaminiki. Mafuta yakaanza kupitia Dar es Salaam, kwenye mapipa, juu ya malori, barabara ya vumbi na matope. Waandishi wa nje waliiita barabara ya jehanamu, na madereva waliipita hivyo hivyo.

Ukitazama vizuri, hizo zilikuwa nyakati za mashaka hasa. Hakuna aliyejua Zambia itasimama au itaanguka. Lakini hapo ndipo Tunduma ilipopata kazi zake: kupakua, kupika, kulaza wasafiri, kuziba pancha, kubadilisha pesa. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika. Barabara nayo ikaja kuwekwa lami. Halafu likaja la Mchina.

Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza Oktoba 1970. Agosti 1973 reli ikafika mpakani hapa kwetu, na 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Maelfu ya vijana waliingia kazini, wengi hawana cheti chochote, wengine wakitokea JKT. Kuna mzee mtaani kwetu alikuwemo. Nilimuuliza waliajiriwaje, akacheka. Anasema hakukuwa na usaili, wala Mchina hakuwa anajua Kiswahili vya kutosha kukuhoji. Alikuwa anashika chombo anafanya, wewe unaangalia, halafu anakupa ufanye. Ukikosea anafanya tena. "Ile ndiyo fildi," mzee akasema, "na tulikuwa tunalipwa."

Wengine walipelekwa mbali zaidi. Mwaka 1972 vijana kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea mambo ya reli, wakarudi kuwa wataalamu. Ila tusidanganyane. Reli ilipokwisha, vibarua wengi walirudishwa makwao. Waliobaki na kazi ya kudumu ni wale reli iliowahitaji.

Miaka ya kupangiwa

Sasa tufike kwa mzee wangu. Hakusema uongo. Kweli kuna kipindi serikali ilikuwa inapanga watu kazi. Sababu ni rahisi: wasomi walikuwa wachache kupita kiasi. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961 pale Lumumba, Dar, na wanafunzi wasiozidi 15. Nchi nzima inataka walimu, madaktari, wahasibu, mabwana shamba. Ukimaliza shule barua inakufuata.

Na kulikuwa na masharti. Mwaka 1966 wanafunzi walioandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa nyumbani na Mwalimu Nyerere, zaidi ya 300. Halafu mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Ukimaliza fomu siksi huendi chuo moja kwa moja, kwanza ukafanye kazi, halafu mwajiri na chama waseme kama unafaa. Yaani na wao walidaiwa uzoefu! Tofauti ni kwamba aliyekudai uzoefu ndiye aliyekupa kazi ya kuupatia. Sisi tunadaiwa uzoefu wa miaka miwili na mtu ambaye geti lake halifunguki.

Upande wa pili wa kipindi hicho hausimuliwi sana mezani. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Kijana ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika, unakamatwa, unarudishwa kijijini kulima. Kwa hiyo "kila mtu alikuwa na kazi" kuna wakati ilimaanisha kwamba asiye na kazi alipakiwa kwenye lori.

Halafu ikaisha. Miaka ya 1990 serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa, na Kiswahili kikapata neno jipya, redandansi. Ule mpango wa barua kukufuata nao ukafa taratibu. Ukiangalia vizuri, ni watu waliomaliza shule ndani ya kama miaka 30 tu. Kabla yao watu waliburuzwa na kodi. Baada yao watu wanajitafutia. Kizazi kimoja katikati ndicho kilichopangiwa, na ndicho kilichotulea, kwa hiyo kipimo chake ndicho tunachopimiwa.

Hesabu za sasa

Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2016, mwaka ule ule Songwe ilipokuwa mkoa, ajira za serikali zikasimamishwa kupisha uhakiki, na Aprili 2017 wakatangazwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliomaliza vyuo miaka hiyo walikaa nyumbani wakisubiri. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya 135,000. Piga hesabu: kila kiti kimoja kina watu 84 na zaidi.

Hapa mpakani napo hakujatulia. Oktoba 2019 marais Magufuli na Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, na karatasi nyingi zikahamia kwenye mifumo. Mei 2020 korona ikafanya Zambia ifunge Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakapanga foleni na vijana wanaoishi kwa posho za siku wakakaa bila hata mia.

Sasa mtu akiniambia watu 84 wanaogombea kiti kimoja, 83 kati yao hawajitumi, nitamuomba anioneshe hiyo hesabu ameifanyaje.

Nilichomwambia mzee

Sikumjibu kwa jeuri, ni baba yangu. Nilimuuliza swali moja tu: "Mzee, ile kazi uliyopangiwa iliishaje?"

Alikaa kimya muda. Alipangiwa kwenye shirika moja la umma mwaka 1984. Mwaka 1996 wakamkabidhi bahasha. Akaja Tunduma kwa sababu alisikia kuna malori, akaanza na kubeba magunia. Mimi nililijua hilo juu juu, mdogo wangu alikuwa halijui kabisa. Mzee akasema barua ile aliificha miezi miwili, akawa anaamka asubuhi anavaa anatoka, ili mama asijue. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikia yote.

Kesho yake mzee alimchukua wakaenda kwa jamaa mmoja aliyewahi kubeba naye magunia, siku hizi ana ghala la mahindi. Fildi ikapatikana, wiki nane, anahesabu magunia na kuandika leja. Hakuna hela, ila chakula cha mchana kipo.

Najua mtasema hiyo ni koneksheni. Ni koneksheni kweli, sikatai, na roho inaniuma kidogo ninapomfikiria binti mwingine aliyeacha barua kwenye ghala lile lile na baba yake hana rafiki. Ndiyo maana nawaza wale watu wa Mbeni. Walikuwa maskini kuliko sisi, lakini mgeni alijua aende kwa nani. Sisi tuna magrupu ya WhatsApp ya watu 500, mtu akiona tangazo la nafasi analikalia kimya mpaka siku ya mwisho ipite.

Kwa hiyo naanza mimi. Mdogo wangu anasema ghala lile linaweza kuchukua wanafunzi wawili wa fildi baada yake, na tajiri amekubali apelekewe barua. Kama uko chuo na unatokea Tunduma, Vwawa au Mlowo, weka komenti hapo chini unasomea nini, nitakuelekeza pa kupeleka barua. Na wewe uliyeko ndani ya ofisi yoyote huku Songwe, hata kama unafagia, sema tu kama wanapokea au hawapokei, mtu asipoteze nauli.

Na akitokea wa kukudai hamsini elfu ya kuingiza jina, usitoe. Nafasi za serikali zinaombwa bure kwenye mtandao wa Sekretarieti ya Ajira.

Wazazi mnaopita humu kimya kimya, shikamooni. Mkituambia mlivyopangiwa kazi, tuambieni pia na siku mliyopewa bahasha. Hiyo ndiyo sehemu ya stori inayotusaidia.