Fujo ya nani?

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayejumlisha matukio ya ghasia kwenye kompyuta huanza na neno, si namba. "Maandamano" limetokana na kuandamana: ndani yake watu wanaonekana, mmoja nyuma ya mwenzake. "Fujo" halina mtu. Basi tarehe 9 Desemba 1941 aiweke wapi? Wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, waliogoma wakidai nyongeza ya mishahara, walikusanyika kwenye uwanja wa michezo wa mji huu, enzi hizo Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Waliouawa ni makumi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Ukiandika "fujo", lawama inawaangukia marehemu. Ningemwomba aongeze safu moja kabla ya kukokotoa wastani wowote: nani alifyatua?