Makaa na Fosfati: Habari ya Udongo Mweusi wa Amazoni

Katika miaka ya 1870 Charles Hartt, mwanajiolojia mzaliwa wa Kanada, aliuchunguza udongo mweusi wa bonde la mto Amazoni, nchini Brazili. Herbert Smith, aliyepata kusafiri naye, aliusifu kwa rutuba katika kitabu chake cha mwaka 1879. Naye Wim Sombroek, Mholanzi, aliueleza kwa kirefu mwaka 1966. Wengi walioandika baadaye wamesema kwamba siri ya udongo huo ni makaa.

Usemi huo ni nusu ya kweli. Makaa yamo, tena yamedumu karne nyingi. Lakini sehemu kubwa ya fosfati yake ilitoka katika mifupa ya samaki, majivu na takataka za wenyeji wa kale. Makaa matupu hayaishiki fosfati vema, maana nyuso zake kwa kawaida zina chaji hasi, na fosfati majini ina chaji hiyo hiyo, basi husukumana.

Kushikwa kwake kuna faida kubwa. Tangu mwaka 1842, John Lawes wa Uingereza alipopewa hataza ya mbolea ya fosfati iliyotiwa asidi, mashamba yamelishwa kwa wingi, na mvua huchukua sehemu ya chakula hicho hadi maziwani. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo la Ontario kwa pazia. Pande zote mbili walitia kaboni na nitrojeni, ila upande mmoja wakaongeza fosforasi. Huo ukageuka kijani kwa mwani. Picha yake iliyopigwa kutoka angani yashinda hoja nyingi za maneno.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walichoma masalio ya viazisukari yaliyokwisha kutoa gesi. Makaa yake yaliondoa kiasi cha asilimia 73 ya fosfati katika maji ya majaribio, kwa kuwa nyuso zake zilikuwa na chembe ndogo mno za oksidi ya magnesi. Mwaka 2013 wakachoma mimea ya nyanya iliyosheheni magnesi. Makaa hayo yakaishika fosfati, kisha yakaiachia polepole, na miche ya nyasi ikastawi. Wataalamu huyaita bayocha. Mimi naona "makaa ya shamba" lafaa zaidi, na yaliyoongezwa madini tuyaite "makaa ya shamba yaliyotiwa madini".

Lakini madini hayafai yote kila mahali. Wengine hutia chuma, nacho hufaa katika kusafisha maji. Udongo mwekundu wa Kenya magharibi, hata hivyo, tayari una chuma na alumini ziishikazo fosfati kupita kiasi, hata mahindi huikosa ilhali imo ardhini. Hapo sioni sababu ya kuongeza chuma, afadhali magnesi.